Mto Ukijaa, Habari Zitangulie Maji

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wazee walisema hayo juu ya kuni. Mimi nayasema juu ya habari.

Mto Sabaki unaomwaga matope baharini hapa Malindi hauanzii kwetu. Huanzia karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukishapita Tsavo huitwa Galana, ndipo utufikie sisi. Mvua ya huko juu huchukua siku kadhaa kuwasili. Basi mafuriko ya Sabaki si mwizi wa usiku. Ni mgeni aliyeonwa njiani mapema.

Je, nani huambiwa? Pale Baricho, visima vya kando ya mto husukumiwa maji hadi Malindi, Kilifi na Mombasa. Pampu hazizunguki bila umeme, na fundi hafiki bila barabara. Mmoja akikwama, wote hukwama, na mifereji hukauka ilhali mto umefura! Kwa hivyo wapima mvua, walinzi wa mto, watu wa maji, wa umeme na wa barabara hawana budi kupashana vipimo siku ile ile. Vijito vya karibu havitoi hata hiyo nafasi ya siku kadhaa. Novemba 2023 mafuriko yalikata barabara ya Kilifi na Malindi pale daraja la Mbogolo.

Habari huokoa. Tarehe 26 Desemba 2004, mawimbi ya tsunami yalisafiri saa nyingi kutoka Indonesia. Yalipofika Kenya, habari zilikwisha tangulia na watu wakaondolewa ufuoni. Alikufa mtu mmoja. Somalia, ambako mawimbi yalikuwa makali zaidi na onyo halikufika, walikufa karibu watu 300.

Wengine watadai ati takwimu ni mali ya idara, hazitolewi ovyo. La hasha! Daraja likisombwa haliulizi lilikuwa la idara gani.

Lakini tusinyooshe kidole tu. Sisi wenyewe hupima mvua hapa shuleni kila asubuhi, kisha daftari hufungiwa kabatini. Chifu halijui, na shule jirani haina habari nalo. Jamani, nasi si tumelala na kinga chetu mkononi? Naomba daftari lile litoke kabatini kabla ya mvua za masika.