Ufa wa inchi moja nyuma ya jiko ni kinga, usiuzibe

WAHENGA walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo, msomaji, nataka nikuonyeshe ufa ambao ukiuziba ndipo utakapojenga ukuta, na pengine nyumba nzima.

Kila Disemba wengi wetu tunaoishi mijini hupeleka zawadi nyumbani. Katika sehemu zenye baridi kama vile Limuru, Kinangop na Molo, zawadi mojawapo huwa ni jiko la kuni la chuma, lile lenye bomba la kutolea moshi. Ni zawadi njema. Mama hapumui tena moshi wa mafiga, macho yake hayawashi, na jioni watoto huota moto bila kukohoa.

Lakini jikoni kwa mama aghalabu ni chumba kidogo cha mbao. Ili watu wapate pa kukaa, jiko husukumwa hadi karibu na ukuta. Fundi akiulizwa kuhusu hatari ya moto, huchukua bati, akalipigilia misumari juu ya mbao, kisha akasema kazi imekwisha. Mimi nasema kazi hiyo bado haijaanza.

Hebu jiulize: kwa nini huwezi kuinua sufuria iliyo motoni bila kitambaa? Ni kwa sababu chuma hupitisha joto. Bati lililogusana na mbao hupokea joto la jiko na kulikabidhi mbao zilizo nyuma yake. Misumari nayo hulipeleka ndani zaidi. Matofali yaliyoshikanishwa na ukuta wa mbao pia hupata joto na kulipitisha, ingawa polepole.

Tena, mbao hazihitaji kuguswa na ndimi za moto ndipo ziwake. Zikipashwa joto siku baada ya siku, hukauka, zikageuka rangi ya kahawia, kisha nyeusi kama makaa. Mbao zilizofikia hali hiyo huweza kushika moto kwa joto la chini kuliko mbao mpya. Ndiyo maana jiko laweza kukaa mahali pamoja kwa miaka bila taabu, halafu usiku mmoja wa baridi, kuni zikiwa zimeongezwa, ukuta ukawaka watu wakiwa wamelala. Ubaya wa bati lililopigiliwa ni kwamba huficha weusi huo usiuone.

Je, jiko liwe umbali gani? Kanuni za shirika la Marekani linaloshughulikia kinga ya moto, National Fire Protection Association, zinasema kwamba jiko la kuni lisilo na kipimo kilichothibitishwa liwe futi 3 kutoka kwa ukuta unaoweza kuwaka. Najua utakachosema: chumba chenyewe ni futi 10 kwa 10, nitoe wapi futi 3? Hapo ndipo ngao ya joto inapofaa. Kanuni hizo hizo zinakubali umbali huo upungue hadi futi 1 iwapo kuna bati la geji 24 lililoachiwa nafasi ya inchi 1 kutoka ukutani, na hewa ikipita nyuma yake.

Siri iko katika hiyo inchi moja. Bati huzuia joto la jiko kama mwavuli unavyozuia jua. Bati lenyewe hupata moto, lakini hewa iliyo nyuma yake ikipashwa hupanda na kutokea juu, na hewa baridi huingia kutoka chini. Joto huondoka kabla ya kuufikia ukuta.

Kwa hivyo, mwambie fundi wako mambo haya. Atumie bati bapa la geji 24. Mabati mengi ya paa ni geji 30, na kadiri nambari inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Bati lishikiliwe kwa vipande vya bomba la chuma vyenye urefu wa inchi moja, wala si vipande vya mbao. Misumari isiwe katikati, palipoelekeana na jiko. Bati lipite ubavu wa jiko kwa karibu nusu mita kila upande, na lipande juu ya jiko kwa kiasi hicho. Chini liache nafasi ya inchi mbili hivi kutoka sakafuni, na juu liachwe wazi. Asikubali kamwe kutumia vipande vya asbesto kuukuu. Vumbi lake husababisha saratani ya mapafu.

Mkishamaliza, msiigeuze nafasi hiyo kuwa kabati. Magazeti, matambara na mifuko ya plastiki ikitumbukizwa humo, hewa haipiti tena, na mtakuwa mmeweka kuni nyuma ya ngao.

Kadhalika, ngao ya ukuta haimalizi hatari zote. Mahali bomba la moshi linapopenya kwenye ukuta au dari ya mbao panahitaji kinga yake. Sakafu ya mbao pia. Na ngao haizuii moshi wala gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua watu usingizini. Bomba lisafishwe, na dirisha lisizibwe.

Wako watakaoniambia kwamba haya ni maneno ya Wazungu, na kwamba babu zetu walipika bila bati. Ni kweli, lakini mafiga yao yalikaa katikati ya chumba, si kando ya ukuta. Sisi ndio tuliolisukuma jiko pembeni.

Kwa maoni yangu, anayeuza jiko la kuni anapaswa kumwambia mnunuzi linahitaji nafasi gani, kama vile anayeuza dawa anavyoeleza kipimo chake. Vivyo hivyo, mwenye nyumba anayekodisha vyumba vya mbao anapaswa kuweka ngao kabla ya kudai kodi. Gharama ya bati moja na vipande vichache vya bomba haiwezi kulinganishwa na miezi ambayo mtoto aliyeungua hukaa hospitalini, wala na kovu atakalobaki nalo maishani.

Basi ukienda nyumbani safari ijayo, ngoja chakula kiive na moto uwe mkali. Kisha weka kiganja ukutani nyuma ya jiko. Ukishindwa kukiacha hapo, usilale kabla hujalisogeza jiko hilo, na asubuhi mwite fundi.