Adui mkongwe akirudi ulingoni, aje na mapigo yake

Gemu za kupigana za siku hizi zimejaa wageni. Mhusika aliyebuniwa miaka thelathini iliyopita kwa ajili ya gemu nyingine kabisa anaitwa ulingoni, anapambana na watu ambao hakupata kukutana nao, na mashabiki wa zamani wanashangilia. Wapo wanaoona kwamba hapo hakuna ubunifu wowote, ni kumbukumbu za watu zinazouzwa upya. Sikubaliani nao. Kwa adui hasa, yule ambaye kazi yake ilikuwa kushindwa na stelingi mwishoni mwa safari, ulingo ni mahali pazuri pa kuhifadhiwa, ila kwa sharti: historia yake iingie katika namna anavyopigana. Asiyetimiziwa sharti hilo amebaki sura tu. Shahidi wangu ni King K. Rool, mfalme wa mamba, ambaye amepitia hali zote mbili ndani ya mfululizo mmoja wa gemu.

Kampuni ya Rare ya Uingereza ilimleta mwaka 1994 katika Donkey Kong Country, gemu ya Super Nintendo iliyouza zaidi ya nakala milioni 9. Ndiye aliyeiba akiba ya ndizi ya stelingi, sokwe Donkey Kong, na mchezaji alimkuta mwishoni kabisa, juu ya merikebu ya maharamia. Mfalme alirusha taji lake la dhahabu, na muda ule mfupi ambao kichwa kiko wazi ndio uliofaa kumrukia na kumkanyaga. Alipoanguka, orodha ya watengenezaji ilianza kupita kwenye skrini kana kwamba gemu imekwisha, kumbe majina yenyewe yalikuwa ya mamba wenzake. Aliyekwisha kuweka pedi chini alimwona mfalme akiinuka na vita vikiendelea. Adui huyu alimhadaa mwenye pedi mkononi, si stelingi wa kwenye skrini tu, na ndiyo maana hakusahaulika. Mwaka 1995 alirudi akiwa nahodha mwenye bunduki, 1996 akawa mwanasayansi mwenye pangaboi mgongoni, na 1999, katika Donkey Kong 64, akavaa glavu za ndondi. Kisha mwaka 2002 Microsoft ikainunua Rare kwa dola milioni 375. K. Rool mwenyewe alibaki mali ya Nintendo, lakini Donkey Kong Country Returns ya 2010 na Tropical Freeze ya 2014 zilipotoka, nafasi yake ilishikwa na maadui wengine.

Mashabiki waliendelea kumdai. Katika Super Smash Bros., gemu ya kupigana ya Nintendo, toleo la Wii U na 3DS, walichoambulia ni vazi: mchezaji alinunua gamba la mamba, akamvisha kikaragosi cha Mii, na kikaragosi kikapigana vilevile kama kilivyopigana jana yake. Mwaka 2015 Nintendo iliwaalika wachezaji wapendekeze wapiganaji wanaowataka, na mkurugenzi wa gemu, Masahiro Sakurai, alieleza baadaye kwamba maoni yale yalizingatiwa katika toleo lililofuata. Super Smash Bros. Ultimate ilipotoka Desemba 2018, K. Rool alikuja mzima. Taji analirusha na linamrudia; asipolidaka linabaki chini, na mpinzani aweza kuliokota na kumpiga nalo. Bunduki ya nahodha inafyatua tufe la chuma, kisha inamvuta ndani aliyeikaribia na kumtema. Pangaboi linampandisha hewani. Glavu ya ndondi inatoka anapokusanya nguvu za pigo zito. Tumbo la dhahabu linapokea makonde bila yeye kuyumba, lakini likipigwa kupita kiasi linapasuka na kumwacha taabani. Gemu nne za kati ya 1994 na 1999 zimo katika mwili mmoja, na kijana ambaye hakuwa amezaliwa wakati huo anazijua kwa vidole kabla hajazisoma popote.

Ridley wa Metroid, joka la anga za juu, alipita njia hiyo kwa taabu zaidi. Katika Smash ya kwanza, mwaka 1999, aliruka kwa mbali nyuma ya uwanja. 2008 akawa wa kupigwa na wachezaji wote. 2018 ndipo akapewa nafasi ya mpiganaji kamili, baada ya mabishano ya miaka kwamba umbo lake ni kubwa mno. Kumpunguza kimo hakukumwondolea ukatili: angali anamkamata mpinzani na kumburuza sakafuni.

Hoja ya pesa ina uzito. Geese Howard, adui mkuu wa Fatal Fury ya 1991, aliingia Tekken 7 mwaka 2017 kama nyongeza ya kulipia. Lakini lile vazi la K. Rool nalo liliuzwa. Tofauti iko katika kile mnunuzi anachopata: Geese alikuja na mawimbi yake ya nguvu na ule ustadi wa kudaka pigo la mpinzani na kumtupa, wakati vazi halikuleta chochote.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni kwamba ulingoni adui hupoteza uovu. Hakuna ndizi zilizoibwa, na K. Rool aweza hata kuwekwa timu moja na Donkey Kong. Ni kweli, kisa kinapungua. Lakini katika gemu ya awali mchezaji alimjua kwa kumkwepa tu, akikariri mirindimo yake mpaka ashinde. Ulingoni anamwongoza: anaona uzito wake, anajifunza kungoja mpinzani akosee, anagundua kwamba ubabe wa mfalme huyu umejengwa juu ya subira na mtego, kama ilivyokuwa kwenye merikebu. Wala ulingo haukuifunga njia ya kurudi kwao. Donkey Kong Country yenyewe iliwekwa kwenye huduma ya Switch Online mwaka 2020, na Julai 2025, katika Donkey Kong Bananza, K. Rool alijitokeza tena kama adui wa mwisho. Waliomjua kwa mara ya kwanza kupitia Ultimate hawakuhitaji kuambiwa huyo ni nani.