Kigali imwekee kuku masharti, isimfukuze

Mama anayepanda basi Nyabugogo kwenda Rubavu na trei za mayai ana hesabu tatu kichwani: mayai yafike Goma mazima, mpaka uwe wazi, na bei ya kununulia isiwe imepanda tangu juzi. Mbili za kwanza huzungumzwa sana kwenye vikao vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ya tatu hutegemea pia watu wasioufikiria mpaka hata kidogo, yaani viongozi wa mitaa wanaoamua kama kuku akae nyuma ya nyumba au asikae.

Kigali ni jiji safi, na usafi huo haukuja kwa bahati. Lakini kanuni za usafi na za matumizi ya ardhi zinapofika uani kwa mkazi mwenye kuku kumi, mara nyingi hazimwelezi afanye nini ili akubalike. Humtaka awaondoe tu. Mwenye mabanda makubwa nje ya jiji haguswi. Anayeguswa ni yule anayeuza trei moja kwa wiki, na ndiye huyo mchuuzi mdogo wa mpakani anayemudu kununua kwake, hata kwa kukopa hadi arudi safari.

Wasiwasi wa wakuu wa jiji una msingi. Januari 2017, mafua ya ndege yalipogunduliwa kwa ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria nchini Uganda, Rwanda ilizuia kuku na mazao yake kutoka huko. Kideri nacho huweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Harufu na jogoo wa alfajiri ni kero ya kweli kwenye nyumba zilizobanana. Jirani naye ana haki ya kulala. Ila kinga ya kideri ni tone la chanjo jichoni, linalorudiwa kila baada ya miezi michache, na mfugaji anayejificha hamwiti daktari wa mifugo. Kuku wakianza kufa atawachinja au kuwauza haraka, na ugonjwa utasafiri kwenye tenga.

Majirani wamekwishapita njia hii. Kampala ilipitisha sheria ndogo za kilimo na mifugo ya mjini mwaka 2006, zenye utaratibu wa vibali. Nairobi ikatunga sheria yake ya kilimo cha mjini mwaka 2015. Ugomvi wa majirani haukuisha, na vibali vina usumbufu wake, lakini angalau mfugaji ana mahali pa kuanzia.

Kanuni ya Kigali nayo itaje idadi ya kuku kulingana na ukubwa wa kiwanja, umbali kati ya banda na dirisha la jirani, kinyesi kinakopelekwa na namna ya kuthibitisha chanjo. Jogoo akikatazwa kwenye makazi ya msongamano, sawa. Tetea hutaga bila yeye. Muhimu zaidi, iseme mkazi aliyeamriwa kuondoa kuku ana siku ngapi, na akate rufaa kwa nani.

Wafanyabiashara wa mipakani wanajua gharama ya sheria isiyo na njia ya kati. Oktoba 2017, vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya viliteketezwa kwa moto Namanga, upande wa Tanzania, kwa hoja ya kuzuia mafua ya ndege.

Mkutano wa wakazi baada ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ni mahali pazuri pa kulianzisha jambo hili. Wafugaji na wachuuzi wanaonunua kwao waliseme pale, waliandike, kisha lipande seli, sekta, hadi Baraza la Jiji. Waende na daftari la chanjo na barua iliyosainiwa na majirani. Malalamiko ya sokoni Kimironko hayaingii kwenye kumbukumbu za kikao chochote.