Usiulize nchi inalipa ngapi, uliza kibali ni cha nani

Haya jamani, swali ni lile lile. Naulizwa Kibokoni, naulizwa Tudor karibu na chuo, juzi nimeulizwa na kijana ndani ya feri ya Likoni: "Bro, sisi watu wa programu, nchi gani inalipa vizuri?" Mimi nasema hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: siku ukifutwa kazi, kibali chako kinakuwaje?

Wengi tunachanganya mambo. Viza inakupitisha mlangoni. Kibali cha kazi ndicho kinachokuruhusu kuketi ukaandika kodi na ukalipwa, na mara nyingi kina jina la kampuni juu yake. Wewe unasafiri, lakini anayekuombea ni mwajiri. Akiondoka yeye, karatasi inaondoka naye. Mtu wa kompyuta hawezi kujenga mfumo mzima juu ya seva moja isiyo na akiba, sasa maisha yako utayajengaje hivyo?

Tuanze Marekani, maana huko ndiko kila mtu anakotaja. Kibali cha H-1B kina nafasi 65,000 kwa mwaka, na 20,000 za ziada kwa waliosoma shahada za juu hukohuko. Waombaji wakizidi nafasi, wanachujwa kwanza. Halafu Septemba 2025 Rais Trump akatoa amri ya kuwatoza waajiri dola 100,000 kwa maombi mapya ya watu walio nje ya nchi. Hiyo ndiyo habari iliyozungumzwa kila baraza. Lakini mimi kinachonitisha ni kingine kabisa: ukipoteza kazi una siku 60 tu. Novemba 2022 Meta walipunguza watu zaidi ya 11,000. Januari 2023 Google wakafuata na 12,000, Microsoft 10,000. Miongoni mwao walikuwepo wenye H-1B, watu wenye watoto shuleni na mikopo ya gari, wakaanza kuhesabu siku. Ndani ya siku hizo 60 upate kampuni nyingine ya kukuombea, ubadilishe hadhi, au ufunge mizigo. Siku 60! Mimi hapa Mombasa fundi wa friji nilimngoja siku 40.

Uingereza sitakaa sana. Kima cha mshahara cha kawaida kwa mfanyakazi mwenye ujuzi kilipanda hadi pauni 38,700 Aprili 2024, kisha 41,700 Julai 2025, na bado unategemea kampuni yenye leseni ya kukudhamini. (Na Kenya haimo katika orodha yao ya nchi za Kiingereza. Umesomeshwa kwa Kiingereza tangu utotoni, ukiadhibiwa kwa kusema Kiswahili shuleni, halafu unaambiwa uthibitishe!)

Sasa Ghuba. Hapa ndipo wazee wetu wananikasirikia. Majahazi yalikuja Mombasa na upepo wa kaskazi yakiwa na tende, yakarudi na kusi yakiwa yamebeba boriti, na hadi leo Muscat utasikia Kiswahili. Kwa hiyo kijana wa Mji wa Kale akienda Ghuba haonekani amehama, ameenda kwa jamaa. Naelewa. Lakini undugu hauandikwi kwenye kibali. Oman, mpaka mwisho wa 2020, mfanyakazi wa kigeni aliyetaka kuhamia mwajiri mwingine bila barua ya yule wa kwanza aliweza kuzuiwa kurudi nchini kwa miaka miwili. Sharti hilo la barua liliondolewa Januari 2021, na wanastahili sifa. Dubai hakuna kodi ya mshahara, ni kweli, na ipo ile viza ya dhahabu ya miaka 10 isiyomtegemea mwajiri. Ila mtaalamu wa kuajiriwa anatakiwa awe na mshahara wa dirhamu 30,000 kwa mwezi. Ukiwa chini ya hapo, mara nyingi ukaazi wako unafuata ajira yako.

Ujerumani ndiko hesabu inakobadilika. Tangu Novemba 2023 walilegeza masharti ya Kadi ya Buluu. Kwa mwaka 2025 mtu wa kompyuta alihitaji mkataba wa angalau euro 43,759.80 kwa mwaka, na hata asiye na digrii anaweza kuomba akiwa na uzoefu wa miaka 3 ndani ya 7 iliyopita. Miezi 12 ya kwanza ukibadilisha kazi unawajulisha wakuu wa uhamiaji, nao wanaweza kukataa. Baada ya hapo uko huru. Ukikosa kazi, sheria ya Ulaya ya 2021 inakulinda kwa miezi 3, na 6 ukishakuwa na kadi miaka miwili. Halafu lililo kubwa: baada ya miezi 27 unaweza kuomba ukaazi wa kudumu, au miezi 21 ukifika Kijerumani cha B1. Siku hiyo jina la kampuni linatoka kwenye karatasi yako.

Lakini msidanganywe na mawakala. Kenya na Ujerumani zilipotia saini makubaliano Berlin tarehe 13 Septemba 2024, zikavuma habari za nafasi 250,000. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ilikanusha waziwazi. Hakuna idadi yoyote mle. Anayekuuzia "nafasi" anakuuzia hewa.

Mimi nina ofa mbili mezani, moja Dubai na moja Leipzig. Ya Dubai ni nono zaidi, tena bila kodi. Mama anataka Dubai, kuna ndege ya moja kwa moja kutoka hapa na Idi nitakuja. Mjomba ameniita mpumbavu mbele ya watu. Kwa pesa ya mwaka huu wana haki wote wawili. Nimeijibu Leipzig.

Kama uko huko na mambo ni tofauti na nilivyoandika, niandikie. Mtihani wa B1 nitaufuata Goethe-Institut Nairobi. Kwa sasa niko A1, kila usiku baada ya isha, na hizo der, die, das zinanitoa jasho kuliko pointa za C.