Tupeni Saketi Mbovu

Wiki nilizofundisha kwa mazoezi mkoani Tabora ziliniunguzia chipu nne. Si moja, nne! Nilikuwa nimechora na kuchomelea bodi ndogo ya kupima unyevu wa udongo: mikrokontrola, vijiti viwili vya kuchomeka ardhini vilivyofungwa moja kwa moja kwenye miguu yake, na waya wa USB wa kupeleka namba kwenye laptopu. Nilitaka Kidato cha Tatu waione fizikia ikifanya kazi kwenye bustani yao.

Mezani kwangu, kwenye ndoo ya plastiki yenye udongo, ilipiga kazi usiku kucha. Bustanini, kimya. Nikabadilisha chipu, ikafa tena. Kila niliyemuuliza alisema, "Hizo feki." Nikakubali haraka, maana jibu hilo halimgusi mchoraji wa bodi. Livingstone alikaa Kwihara miezi kadhaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Mimi nilisubiri kifurushi kutoka Kariakoo, kwa hela ya bumu.

Ilipokufa ya tatu, binti mmoja akauliza: "Mwalimu, mbona kwenye ndoo haifi?" Nikamwambia akae, tuendelee na somo. Jamani, jibu lilikuwa mlemle kwenye swali lake.

Hadi ya nne ndipo nikaazima mita. Soketi zina matundu matatu, chaja yangu ina miguu miwili, na mnajua tunavyofanya: kalamu kwenye tundu la ethi, chaja inaingia. Chaja za namna hiyo huvujisha umeme kidogo kutoka kwenye volti 230 za ukutani. Bila ethi, umeme huo unabaki kwenye chuma cha laptopu. Ndio ule unaokutekenya ukiigusa. Nikapima kati ya chuma cha USB na udongo uliomwagiliwa: volti 90 na ushee. Nikachomoa chaja: karibu sifuri. Mkondo wenyewe ni mdogo, lakini kijiti kikigusa ardhi chaji hushuka kwa mpigo, na njia pekee niliyoiachia ni kupitia chipu ya volti 5. Ndoo ya plastiki haikuwa na njia hiyo.

Chipu ya tano, laptopu ikitumia betri tu na kila kijiti kikiwa na rezista, ilifika mwisho wa mazoezi. Yule binti nilimwita mbele, akawaeleza wenzake mwenyewe.

Sasa naigeukia idara yetu. Praktiko zote nilizofanya hapa chuoni nilipewa vifaa vizima na kudaiwa jibu sahihi. Ndiyo maana kitu kikiharibika tunakimbilia kununua kingine, na mwanafunzi akiuliza tunamkalisha. Tupeni saketi mbovu, hata moja kwa muhula, na alama apewe anayeonyesha alibadilisha nini, akaacha nini, akaona nini. Mkisema vifaa ni ghali, chipu zangu nne ziko kwenye bahasha. Nazitoa bure.