Mbegu Si Faili

Haya wasomaji wangu, leo tuache kidogo habari za simu mpya na seva. Leo nataka kugombana, na ninaogombana nao ni watu wa fani yangu mwenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Kila baada ya miezi michache mtu fulani jijini Nairobi husimama mbele ya projekta na kutangaza kwamba ataziokoa mbegu za asili kwa teknolojia. Kutakuwa na programu ya simu. Kutakuwa na databesi. Siku hizi lazima kuwe na akili unde pia, la sivyo mfadhili hafungui mkoba. Mkulima wa Homa Bay atapiga picha ya suke la mtama, picha itapanda mtandaoni, na eti mbegu itakuwa imehifadhiwa. Watu wanapiga makofi, chai inaletwa, mambo yamekwisha.

Mimi ni mtunga programu, nina shahada ya sayansi ya kompyuta, na ugali wangu unatokana na databesi. Kwa hiyo nisikilizeni ninaposema: huo ni uongo. Ukipiga picha ya ng'ombe hujapata maziwa. Mbegu ya kienyeji huhifadhiwa na mtu anayeipanda, anayeichagua, na anayeruhusiwa kumpa jirani. Kazi yetu sisi wengine ni kumsaidia mtu huyo au kumpisha.

Tunazungumzia mbegu gani?

Nenda Bonde la Lambwe, kule Homa Bay, chini ya milima ya Gwasi, jirani na Mbuga ya Ruma. Huko mtama, ambao kwa Dholuo ni bel, una majina. Kuna Ochuti. Kuna Andiwo. Kuna Jowi Jamuomo. Wanasayansi waliochunguza jeni za mtama wa bonde hilo wameyachapisha majina haya, kando ya Seredo, ambao ni mtama ulioboreshwa na watafiti. Shuka Migori, uende Nyatike au upande hadi Kuria, utakuta mtama na wimbi vilevile, pamoja na mboga ambazo hakuna aliyezinunua kwenye pakiti: dek, osuga, apoth, mitoo.

Mbegu hizi si za mapambo. Punje nyingi za mtama wa upande huu ni nyekundu au za kahawia, na ndani yake mna tanini. Tanini ni chungu, ndege hawaipendi, na anayejua uharibifu wa kwelea kwelea anajua thamani ya uchungu huo. Kuna pia kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama. Mbegu ya kienyeji iliyokaa na kayongo vizazi kwa vizazi imejifunza kuvumilia, kwa sababu zile zisizovumilia hazikupata watoto. Hakuna aliyeandika msimbo wa jambo hilo. Uliandikwa na ukame, na ndege, na wanawake wanaochagua masuke kabla ya mavuno na kuyaning'iniza jikoni juu ya moshi.

Hapo ndipo penye kiini. Mtama hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, lakini huchanganyika pia na wa jirani, hata na mtama mwitu unaoota kando ya shamba. Kila msimu kinaingia kitu kipya, na kila msimu mkono wa mtu unaamua kipi kibaki. Kwa lugha yetu, mkulima ndiye msimamizi wa mradi. Anapokea mabadiliko, anakataa mengine, anatoa toleo jipya kila mwaka. Msimamizi akiacha kazi, mradi umekufa, hata kama nakala yake imo GitHub.

Nani alimwondoa msimamizi?

Tusijidanganye kwamba ni uzembe wa vijana. Kampuni ya sukari ya South Nyanza ilipoanza Awendo mwaka 1979, mashamba mengi ya Migori yaligeuka miwa. Tumbaku ya mkataba ilichukua mengine, hasa Kuria. Mahindi chotara, ambayo Kenya ilianza kuyatoa kwa wakulima mwaka 1964, yakachukua meza. Mtama ukabaki chakula cha wazee na cha mwaka wa njaa.

Mahindi chotara yana mavuno makubwa, sikatai. Lakini tazama namna yanavyofanya kazi. Ukipanda tena punje ulizovuna, msimu wa pili mavuno yanashuka na shamba halilingani. Ni kama programu ya leseni ya mwaka: ukiacha kulipa, inazima. Tena shamba zima ni kitu kimoja. Mwaka 2011 ugonjwa hatari wa mahindi ulipoonekana Bomet, ulienea kwa kasi na kuwaacha wakulima na mabua makavu. Mtu wa kompyuta anaelewa haraka: mashine zote zikiwa na toleo moja, kirusi kimoja kinatosha.

Halafu ikaja sheria. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, baada ya marekebisho ya mwaka 2012, ilifanya kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijaidhinishwa kuwa kosa la jinai. Adhabu: kifungo cha hadi miaka miwili, au faini ya hadi shilingi milioni 1, au vyote viwili. Nyanya wa Ndhiwa akimpa mkaza mwanawe wa Oyugis kibaba cha Ochuti, sheria ingeweza kumwita mhalifu! Na hayo chini ya Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 11 kinalitaka Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za asili na matumizi yake na jamii za Kenya. Katiba inasema linda, sheria inasema funga jela.

Wakulima 15 walikwenda kortini mwaka 2022. Tarehe 27 Novemba 2025 Jaji Rhoda Rutto wa Mahakama Kuu aliamua kwamba vipengele hivyo ni kinyume cha Katiba, pamoja na vile vilivyowapa wakaguzi nguvu ya kuvamia maghala ya mbegu na kuzibeba. Nawauliza wenzangu wa teknolojia: katika miaka yote hiyo, ni programu ipi ya simu iliyofanya kazi kubwa kuliko karatasi ile ya mashtaka?

Nakala ya akiba ambayo haijawahi kurudishwa

Najua jibu linalokuja. "Lakini tuna benki ya mbegu!" Ni kweli, tunayo. Benki ya taifa iko Muguga, chini ya shirika la utafiti la KALRO, na imehifadhi makumi ya maelfu ya sampuli. Mbegu hukaushwa, hufungwa, hutiwa kwenye baridi kali. Naiheshimu kazi hiyo, na naomba ipewe pesa zaidi.

Lakini benki ni bakapu. Kila aliyewahi kusimamia seva anajua kanuni ya kwanza: bakapu ambayo hujawahi kuijaribu kuirudisha si bakapu, ni matumaini. Mbegu iliyo kwenye baridi inazeeka polepole. Viwango vya kimataifa vinataka ipimwe uotaji, na ukishuka chini ya asilimia 85 ya ule wa mwanzo, ipandwe upya ili ipatikane mbegu mbichi. Hiyo inataka shamba, mikono na umeme usiokatika. Zaidi ya hayo, iliyo kwenye baridi haijifunzi. Mtama uliofungwa mwaka 1990 haujui mvua za leo.

Jaribio la kurudisha bakapu limeshafanyika duniani, nalo linafundisha. Vita vya Syria vilipowanyima watafiti wa ICARDA nafasi ya kuitumia benki yao karibu na Aleppo, mwaka 2015 waliomba mbegu zao kutoka ghala la Svalbard, Norway, wakazipanda upya Lebanon na Morocco. Ilifanikiwa kwa sababu kulikuwa na watu waliojua kuzipanda na mahali pa kuzipanda. Huko Sudan, ambako mtama ulianza kulimwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, vita vilivyoanza 2023 viliifikia benki ya taifa pale Wad Medani. Mbegu zilizookolewa, mtama ukiwemo, zilipelekwa Svalbard mwezi wa Februari 2025. Jiulize: zitarudishwa kwa nani, kama mkulima mwenyewe amekimbia?

Funzo kutoka kwa wapanda bangi

Mfano wangu wa mwisho utawashtua wengine. Kule Marekani kuna watu wanaotunza bangi za zamani za Hawaii, zile zilizopata sifa miaka ya 1970 kwa majina kama Maui Wowie na Kona Gold. Sitetei bangi. Kenya imekatazwa chini ya sheria ya dawa za kulevya ya 1994, na kwenye mpaka wa Kuria na Tarime tunajua polisi wanavyoing'oa na kuichoma. Nataka tu tuone mbegu zile zilinusurika vipi.

Helikopta za serikali zilizunguka visiwa vile zikisaka mashamba, na mbegu chotara kutoka nje zikamaliza zilizobaki. Zilizonusurika zilinusurika kwa mtu binafsi aliyepanda chache, akavuna mbegu, akampa rafiki. Basi. Kisha wakaja watu wa data. Kampuni ya Phylos Bioscience ya Oregon ilikusanya sampuli kutoka kwa wapanzi na kuchora ramani nzuri ya jeni mtandaoni, kila aina ikiwa nyota angani. Mwaka 2019 kampuni hiyohiyo ikatangaza kwamba itaanza kuzalisha aina zake yenyewe. Wapanzi waliotoa sampuli walihisi wamesalitiwa. Kampuni ilikana kwamba imetumia vibaya data yao, lakini imani ilishavunjika.

Sasa vaa viatu vya mkulima wa Lambwe anayeombwa na kijana mwenye kishikwambi ataje kila mbegu aliyonayo, sifa zake, na shamba lilipo. Databesi hiyo ni ya nani? Iko chini ya leseni gani? Kesho kampuni ikinunuliwa, je? Asipojibiwa, namshauri afunge mlango. Kwa heshima, lakini aufunge.

"Kwa hiyo unataka turudi nyuma?"

Hapana. Kuna hoja moja ninayoiheshimu: mbegu bandia. Mkulima ananunua pakiti dukani, anapanda, hakuna kinachoota. Uidhinishaji wa KEPHIS upo kwa sababu hiyo, na uendelee kwa wanaouza pakiti. Lakini mbegu inayopewa jirani haina udanganyifu wa pakiti. Jirani ameiona shambani, na mtoaji anaishi nyumba ya tatu.

Sisi watu wa programu huria tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Mwaka 2004 Jambo OpenOffice ilitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa Kiswahili kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi, na hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa. Mwaka 2014, Wisconsin, Marekani, wakazalishaji wa mimea walitoa mbegu za kwanza za Open Source Seed Initiative: aina 36 za mbegu zilizotolewa kwa ahadi kwamba anayezipokea hatazifungia wengine, wala vizazi vyake. Ni wazo letu lilelile! Kule wakalipeleka kwenye mbegu. Huku sisi tunashangilia programu huria mchana, na jioni tunajenga databesi ya mbegu iliyofungwa kufuli.

Ninachodai

Kwanza, Bunge liandike upya sheria kufuatana na kifungu cha 11, kabla mtu hajatafuta njia ya kuirudisha jela ile kupitia mlango wa nyuma.

Pili, kaunti za Migori na Homa Bay zitenge pesa kwa maghala ya mbegu ya vijiji, yanayosimamiwa na akina mama wenyewe, na kwa siku za soko za kubadilishana mbegu.

Tatu, Muguga irudishe. Kila sampuli iliyochukuliwa Lambwe, Nyatike au Kuria, kiasi fulani kirudi kikapandwe palepale, waziwazi.

Nne, watunga programu tufanye kazi ndogo zenye maana: lebo zisizofutika, daftari la ghala linalofanya kazi bila intaneti, ujumbe mfupi wa kuuliza nani ana Andiwo msimu huu. Majina yabaki kwa Dholuo na Kikuria. Data ikae kijijini, na wenyewe waamue nani aione.

Kama mradi wako hauwezi kutaja jina la mtu hata mmoja atakayepanda mbegu hiyo mvua za Machi zikianza, mradi wako si wa kuhifadhi mbegu. Ni wa kuhifadhi mfadhili. Mbegu inataka udongo, mkono na jirani. Wewe wa projekta, unaleta kipi kati ya hivyo vitatu?