Kabla Ununue Mota ya Stepu, Isukume kwa Mkono

Wasee, leo wacha niongee na wenye magari marefu, na madereva wao pia, kwa sababu mara nyingi ni dereva ndiye anaulizwa kwa nini stepu imekwama.

Naongelea zile stepu za umeme za pembeni. Ukifungua mlango inashuka, ukifunga inarudi chini ya gari. Kuna Range Rover huja nazo kutoka kiwandani, na siku hizi watu wanazifunga kwa Prado na Land Cruiser. Zikiwa mpya, raha tupu. Zipitishe msimu mmoja wa mvua kwa barabara za Narok, zinaanza kulia, halafu siku moja inagoma katikati. Unafika gereji, unaambiwa "mota imeenda". Unatoa doo. Baada ya miezi michache, kelele ni ile ile.

Maoni yangu ni haya: usilipie mota mpya kabla fundi hajakuonyesha kwamba ile ya zamani ndiyo mbaya. Na kuonyesha si kazi kubwa.

Kwanza elewa vile hiyo kitu inafanya kazi. Stepu inashikiliwa na bawaba mbili au zaidi. Kwa kawaida moja inasukumwa na mota, zingine zinafuata tu. Mota inatawaliwa na kompyuta ndogo, na kwa mifumo mingi hiyo kompyuta inapima umeme unaovutwa. Stepu ikipata kizuizi, mota inavuta umeme mwingi, kompyuta inaamua kuna kitu hapo, pengine mguu wa mtu, na inasimamisha stepu au kuirudisha. Sasa weka tope lililokauka ndani ya bawaba. Kompyuta haiwezi kutofautisha tope na mguu. Stepu ikikwama hivyo, mota iko sawa kabisa, inatii tu amri.

Ndiyo maana kelele ni ya kusikilizwa vizuri. Mlio mwembamba kama wa panya mara nyingi ni pini za bawaba zimekauka. Sauti ya kusaga ni kama kokoto au mchanga umeingia, au mkono wa stepu umepinda baada ya kugonga jiwe. Ukisikia ta-ta-ta-ta, au mota inavuma lakini stepu imetulia, hapo ndipo ushuku meno ya gia. Kimya kabisa pande zote mbili? Anza na fyuzi na waya wa ati, yaani ule unaoshikana na bodi. Kimya upande mmoja? Angalia soketi na waya za upande huo, pamoja na sensa ya mlango. Na kama stepu inavuta miguu injini ikiwa imezimwa lakini inachangamka ukiwasha, pima betri kwanza. Betri nzuri iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6.

Halafu kuna lile jaribio la mkono. Toa fyuzi ya stepu kwanza, kwa sababu mtu akifungua mlango na vidole vyako viko pale chini, utajuta. Fundi afungue bolti za mota, aitoe, kisha asukume stepu kwa mkono, nje na ndani. Ikiteleza vizuri, shida iko kwa mota au umeme. Ikiwa ngumu, shida ni bawaba, na hata ukinunua mota tano zitateswa na bawaba hiyo hiyo.

Dawa ya bawaba ngumu ni bei ya soda ukilinganisha na mota. Shusha stepu, osha bawaba kwa maji mpaka mchanga utoke, lakini usielekeze presha kwa soketi za umeme. Acha ikauke. Kisha puliza silikoni ya kopo, ile inayokauka, kwa pini pekee. Usipulize pale watu wanakanyaga, mtu atateleza. Na tafadhali, acha grisi. Najua fundi anaipenda, lakini hapo chini grisi inakamata vumbi, na vumbi na grisi vikichanganyika unapata kitu kama msasa. Walio Mombasa na Malindi waoshe mara nyingi zaidi, chumvi ya bahari haina huruma kwa chuma.

Kuna kitu kimoja siwezi kunyamazia. Wengine wakichoka na stepu inayokwama wanaomba kompyuta irukwe, waya ziungwe moja kwa moja kwa swichi ili mota isukume kwa nguvu. Hapo umeondoa kitu pekee kinachojua kusimama mguu wa mtoto ukiwa katikati. Fundi anayekubali kazi hiyo hajakusaidia.

Mtaniambia mwenye gari la mamilioni hawezi kulia juu ya mota. Sawa. Lakini dereva aliyeajiriwa anaweza kukatwa mshahara. Na shosho akishuka kwa gari refu, anatafuta stepu kwa mguu, haangalii chini. Ile siku haijashuka, au imeshuka nusu, anakanyaga hewa. Mfupa wa nyonga ukivunjika kwa umri huo, hiyo si hesabu ya spea tena.

Kama njia yako ya kila siku ni matope na mawe, mimi ningekushauri ufunge stepu za kawaida zisizosonga, uishi kwa amani. Kama unazitaka za umeme, zioshe kila ukiosha gari. Na ukiambiwa mota imeenda, uliza tu: "Boss, umeisukuma kwa mkono?" Akisema bado, pesa zikae mfukoni mpaka aisukume ukiona.